Waliotawanyika Ndio Waliotumwa

Katika kikao cha mwisho cha wazee wa kanisa letu hapa Kadutu, mjini Bukavu, hoja iliyoletwa mezani ilikuwa kuahirisha Jumapili ya misioni hadi hali itakapotengemaa. Walioileta si watu wa imani haba. Ni wazee waliolitunza kanisa hili tangu lilipokuwa mabati machache juu ya nguzo za mikaratusi, na sababu walizotoa ni za kweli. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23, benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, walimu na watumishi wa serikali walio miongoni mwetu wakaanza kuishi kwa kukopa, na noti zinazozunguka sokoni zimechakaa kiasi kwamba muuza mboga huzigeuzageuza mara tatu kabla ya kuzipokea. Katika hali hiyo, wazee waliuliza, tumtume nani, na kwa nauli gani?

Jibu nililolitoa Jumapili kwa njia ya mahubiri lilikuwa refu kupita subira ya watoto, na wale waliosimama nje chini ya mvua hawakulisikia lote, kwa sababu mabati yetu mvua ikinyesha hayamwachii mhubiri nafasi. Kwa hiyo ninaliandika hapa kwa utaratibu, kwa ajili yao na kwa ajili ya wapendwa wetu walioko Uvira, Goma, Bujumbura na kwingineko, ambao bado wanajihesabu kuwa washirika wa kanisa hili ingawa vita viliwachukua mbali nalo.

Ninaamini kwamba hoja ya kuahirisha inatokana na dhana tuliyoirithi bila kuichunguza, kwamba utume ni kazi ya kanisa lililotulia na kushiba, lenye gari, lenye fungu la fedha kutoka ng'ambo, na lenye barua iliyopigwa mhuri. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 11, kuanzia mstari wa 19. Luka anasimulia kwamba wale waliotawanywa na dhiki iliyozuka baada ya kifo cha Stefano walifika Foinike, Kipro na Antiokia. Hawakutoka Yerusalemu kwa sababu mitume walikuwa wamekaa na kupanga safari. Sura ya 8 inaeleza wazi kwamba Sauli alikuwa akiingia nyumba kwa nyumba, akiwaburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani, na kwamba waliotawanyika walikuwa waumini wa kawaida, huku mitume wakibaki mjini. Watu hawa walikimbia. Kuna waliobeba watoto, kuna walioacha duka wazi, na bila shaka kuna walioachana na ndugu zao njiani wasijue kama wataonana tena. Hayo mimi sina haja ya kuwaeleza ninyi.

Wengi wao, Luka anaendelea, hawakulisema lile neno ila kwa Wayahudi wenzao. Sioni sababu ya kuwalaumu, kwa maana mkimbizi afikapo mji wa watu hutafuta kwanza wa lugha yake, amwonyeshe mahali pa kulala na bei ya unga. Lakini miongoni mwao walikuwamo watu wa Kipro na Kirene ambao, walipofika Antiokia, walianza kusema na Wagiriki pia, wakiwahubiri habari za Bwana Yesu, na mkono wa Bwana ukawa pamoja nao, na watu wengi wakaamini.

Hatujui majina yao. Luka ni mwandishi anayependa majina. Katika sura inayofuata anatutajia hata Roda, yule kijakazi aliyeitambua sauti ya Petro akakimbilia ndani kwa furaha na kumwacha mgeni wake amesimama mlangoni. Lakini wa wale walioanzisha kanisa la Antiokia hatupewi hata mmoja. Na Antiokia haikuwa kijiji. Ilikuwa makao makuu ya jimbo la Kirumi la Siria, mmoja wa miji mikubwa kabisa ya dola ile, na ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. (Mahali pale leo panaitwa Antakya, nchini Uturuki, na ni mji ambao tetemeko la Februari 2023 liliuharibu vibaya sana, tuwakumbuke katika maombi.) Barnaba alipotumwa kutoka Yerusalemu kwenda kutazama, kanisa alilikuta tayari lipo, akafurahi. Sauli, ndiye Paulo, aliletwa baadaye, Barnaba alipomfuata Tarso. Kanisa ambalo lingemtuma Paulo ulimwenguni lilianzishwa na wakimbizi wa mateso ambayo Sauli huyohuyo alikuwa kinara wake, na sijui kama yuko mwanadamu ambaye angethubutu kupanga jambo kwa njia hiyo.

Sisi wa Kivu tumezoea kusema kwamba injili tuliletewa na wazungu, na si uongo. Wapentekoste kutoka Uswidi walianza kazi yao mashariki mwa Kongo mwaka 1921, ndugu zao wa Norwe wakaja katika miaka hiyohiyo, na jumuiya mbili kubwa za makanisa ya Kipentekoste zenye makao makuu hapa Bukavu, CEPAC na CELPA, zilitokana na kazi hiyo. Tunawashukuru, na makaburi ya baadhi yao yako katika udongo wetu. Lakini tukiishia hapo tumesimulia nusu ya habari. Machafuko yaliyofuata uhuru mwaka 1960 yaliwalazimisha wamisionari wengi kuondoka, na uasi wa mwaka 1964 ukawaondoa wengine. Kanisa halikufa. Lilibaki mikononi mwa wainjilisti wa vijijini waliotembea kwa miguu milima hii yote, walimu wa shule za misioni waliofundisha bila mshahara, na akina mama wa maombi ambao nyumba zao ndizo zilizokuwa makanisa. Mzazi wa baadhi yenu, au babu, alikuwa mmoja wao. Nao hawakungoja amani irudi ndipo waanze kuhubiri; wengi wao walihubiri wakiwa porini walikokimbilia.

Sasa niwaeleze habari ya mama mmoja ambaye hatapenda nimtaje jina. Mnakumbuka mvua ya Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 katika wilaya ya Kalehe, mito ilipofurika na kushusha mawe na udongo juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa. Waliozikwa walikuwa zaidi ya 400, na wengine wengi hawakuonekana kamwe. Mama huyu alipoteza nyumba, shamba na ndugu, akaja Bukavu na watoto aliobaki nao, akapata mahali pa kupanga katika mteremko ambao kwa kweli na wenyewe unanitia hofu kila mvua inyeshapo. Kanisa lilimpa unga, sabuni na mtaji mdogo, na kwa upande wetu tulihesabu kwamba tumetimiza wajibu. Tulimwandika katika daftari la wanaosaidiwa.

Alianza kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Kadutu. Ana beseni lake la aluminiamu, kikombe cha kupimia kilichobonyea upande mmoja, na Biblia anayoifunga ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe maji ya samaki, ingawa harufu imekwisha kuingia hadi Ufunuo. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, alikuwa akisoma Zaburi moja kwa sauti na kuomba. Jirani yake wa meza, anayeuza nyanya, akaanza kunyamaza ili asikie. Kisha wa vitunguu. Kisha vijana wanaobeba mizigo wakawa wanatua magunia na kusimama kidogo. Sisi wazee na wachungaji hatukujua lolote. Tulijua siku watu tusiowafahamu walipokuja kuomba mafundisho ya ubatizo, na tulipowauliza ni nani aliyewafundisha hadi hapo, walijibu kwa mshangao wa kwamba hatujui: mama wa sambaza.

Nilimwendea sokoni. Nikamwuliza, kwa sauti ya mchungaji anayedhani kazi yote hupita mezani kwake, ni nani aliyemruhusu kuanzisha kikundi. Alinitazama, akaendelea kupima samaki wa mteja, akamaliza, akafuta mkono kwenye kitenge, ndipo akasema: "Pasta, kumbe nilipaswa kuomba ruhusa?"

Na kwa kuwa tumewataja sambaza, mjue kwamba samaki hao hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kumwagwa katika Kivu, na leo hii ndicho kitoweo cha nyumba nyingi za mji huu, cha maskini na cha mwenye nacho. Sijui mfano bora zaidi wa kile ambacho Mungu hufanya na watu waliotolewa maji yao na kutiwa maji mengine. Wanaofika kwetu kutoka Kalehe, Walungu, Shabunda na Masisi tumewapokea kama mizigo ya kugawana, tukijipongeza kwa ukarimu, na ukarimu huo ni mwema na usikome. Lakini mara ngapi tumemwuliza mmoja wao anajua kufanya nini, alikuwa akihudumu vipi kanisani kwake, na Bwana amempa neno gani la kutuambia sisi?

Nirudi kwenye swali la fedha, kwa kuwa wazee waliuliza kwa haki na wanastahili jibu. Sura ileile ya 11 inamalizia na nabii Agabo, aliyetabiri njaa kubwa, nayo ikatokea katika siku za Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, waliazimu kupeleka msaada kwa ndugu waliokaa Uyahudi. Tazameni mpangilio wake: kanisa changa, la watu waliokimbia, linalisaidia kanisa mama lililoko kwenye mji walioukimbia, huku njaa iliyotabiriwa ikiwahusu wao pia. Hawakusema kwanza tujiwekee akiba. Lakini pia hawakutozwa. Kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na mimi simtaki mtu yeyote akope ili atoe, wala sitaki kusikia kwamba mtoto amekosa dawa kwa sababu baba yake alitaka kuonekana mbele ya kikapu. Wahubiri wanaowafundisha watu kutoa pesa ya kodi ya nyumba ili wapokee gari mwakani wanawaibia maskini kwa jina la Bwana, na ninaandika hivyo nikijua kwamba baadhi yenu huwasikiliza redioni.

Tulipotangaza kwamba sadaka ya misioni inaweza kuwa kitu chochote, mlileta. Kulikuwa na unga wa mihogo, maharage, vipande vya sabuni, mfuko wa makaa, na kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye alihubiri kwa sauti kubwa kuliko yangu hadi shemasi akamtoa nje. Mtunza hazina aliniuliza kwa uso mkavu kuku aandikwe katika safu gani ya daftari. Ameandikwa. Kwa mara ya kwanza tangu benki zifungwe, daftari la misioni lina mistari mingi kuliko tulipokuwa na fedha, na anayelipitia ataona majina ambayo hayakuwahi kuonekana humo wakati sadaka ilipokuwa noti peke yake.

Wako wanaosema kwamba wakati kama huu kanisa lishike maombi na kuacha mengine. Wako pia wanaosema kinyume chake, hasa vijana wetu waliosoma, kwamba maombi hayajengi kituo cha afya. Mji huu una jibu lake. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa hapa Bukavu, na amesimulia mara nyingi jinsi alivyoandamana na baba yake, akiwa mtoto mdogo, kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Alimwuliza kwa nini hampi na dawa. Baba alimjibu kwamba yeye si muganga, na mtoto akaamua moyoni kwamba atakuwa muganga, ili baba aombe na yeye atibu. Hospitali ya Lemera alikokuwa akifanya kazi ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999, vita vya pili vikiwa bado vinawaka, alianzisha Hospitali ya Panzi chini ya CEPAC. Mngemshauri angoje hali itengemae? Wanawake waliotibiwa pale wasingekuwa na wa kuwatibu, na sisi tungekuwa bado tunangoja.

Hata hivyo nisieleweke vibaya kuhusu imani. Imani ninayowaombea si uhakika kwamba hakuna baya litakalotupata. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa wa Kanisa Katoliki alibaki na watu wa mji huu Oktoba 1996, akasema waziwazi dhidi ya vita, na akauawa tarehe 29 ya mwezi huo hapahapa Bukavu. Wala hakuwa na imani haba kuliko waliopona. Stefano aliuawa, Petro akatolewa gerezani, Yakobo ndugu wa Yohana akauawa kwa upanga, yote katika kurasa chache za kitabu kimoja, na Luka hathubutu kutueleza kwa nini huyu na si yule. Mchungaji anayewaahidi zaidi ya hapo anawaahidi asichonacho. Ninachoweza kuwaahidi ni kile kilichoandikwa, kwamba mkono wa Bwana ulikuwa pamoja nao, na "nao" hao ni pamoja na waliokuwa wamelala njiani.

Tukifika sura ya 13 tunakuta Antiokia ina manabii na walimu watano: Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, mji ulioko Libya ya leo, kwa hiyo mtu wa bara letu, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Sauli. Watu wa asili mbalimbali kabisa, wakifunga na kuabudu pamoja. Roho Mtakatifu akataka wawili, na aliowataka ni Barnaba na Sauli, yaani yule aliyewalea tangu mwanzo na yule aliyekuwa mwalimu wao hodari kuliko wote. Kanisa halikujadiliana bei. Wakafunga, wakaomba, wakaweka mikono juu yao, wakawaacha waende zao.

Hapa ndipo tulipo dhaifu, na nasema kwa makanisa mengi ninayoyafahamu, si letu peke yake. Tunapotakiwa kutuma mtu, tunamtuma yule ambaye kwaya imemchoka. Yule mwenye maneno mengi kikaoni hupewa mzigo wa "kufungua kazi" mbali, tunamwombea kwa bidii isiyo ya kawaida, na kurudi nyumbani tukiwa wepesi. Aliye hazina yetu tunamficha.

Kwa hiyo wazee, baada ya siku za kufunga na kuomba, wamekubaliana jambo lililotuuma sote. Tunamtuma mwalimu wa darasa la vijana pamoja na mke wake, ambaye ni mshonaji, kwenda kisiwani Idjwi. Mnawajua. Ni mwalimu huyo anayekaa na vijana hadi jioni wakati sisi tumekwenda kula, na ni sauti yake inayoibeba besi ya kwaya ya pili. Watakwenda na cherehani yao, kwa kuwa Paulo naye alishona mahema Korintho ili asimlemee mtu, na mke wake amesema wazi kwamba hataki kuishi kwa kungoja gunia letu lipande mtumbwi. Kanisa litalipa kodi ya chumba kwa miezi ya kwanza, na kuku, kwa uamuzi wa baraza zima, ataondoka nao akiwa hai. Wataabudu na kanisa dogo lililopo kule, chini ya wazee wa kule. Hawaendi kupandisha bendera yetu. Mama wa sambaza ameombwa aseme nao kabla hawajaondoka, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kati yetu jinsi ya kuanza mahali ambapo hakuna anayekujua.

Ibada ya kuwawekea mikono itafanyika Jumapili ijayo, mara baada ya Meza ya Bwana. Bado tunahitaji turubai moja zuri, taa ya sola, na nyuzi za cherehani za rangi yoyote. Mwenye jamaa anayevusha watu kwa mtumbwi na anayeaminika kwa upepo wa ziwa, amwone shemasi wa usafiri. Darasa la vijana halina mwalimu kuanzia wiki hiyo. Anayesikia mzigo huo, awe mwenyeji au aliyefika juzi tu, aje anione Jumatano baada ya maombi ya mchana, kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu siku hizi hakuna anayependa kuchelewa barabarani.